Kabla ya kuruka, ndege hupanda lori

Mzigo mwepesi kuliko yote niliyowahi kubeba ndio ulioninyima usingizi siku nyingi. Kwa miaka 27 nimeendesha lobedi, lile trela la chini la mizigo mikubwa. Nimebeba makatapila, transfoma, matenki ya mafuta na greda zilizokufia porini, na kila nikikaribia mizani jasho lilinitoka kwa sababu ya tani. Lakini ile ndege ndogo ya injini moja, Cessna 206, ikiwa tupu haikufika hata tani moja. Ilikuwa imevunjika gurudumu la mbele kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Simanjiro, ng'ambo ya Terrat, na mwenyewe alitaka ifike uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, ikatengenezwe. Nilipoambiwa uzito wake nikataja bei ndogo. Nilikuwa sijui ninachokipokea.

Fundi wa ndege, mzee mpole aliyekuja na sanduku la spana na magodoro sita, alinisimamisha kabla sijasogeza gari.

"Dereva, umewahi kubeba mayai?"

"Nimewahi, mzee."

"Basi yale yalikuwa mawe."

Siku nzima ikaisha tukitoa mabawa. Kila boliti ilitiwa kwenye mfuko wake, mfuko ukaandikwa namba, namba ikaingizwa daftarini. Mabawa tukayasimamisha juu ya magodoro, ukingo wa mbele ukiwa chini, kwa sababu huo ndio wenye nguvu. Kiwiliwili kikakalia matairi chakavu, kikafungwa mikanda. Mkia nikaufunga mimi mwenyewe kwa kamba ya katani, na fundo langu nililiamini.

Barabara ya kutoka Terrat kuja Oljoro ina yale mawimbi ya changarawe ambayo sisi madereva huyakimbilia kwa kasi ili gari lipite juujuu. Fundi alikataa. Alikaa nami kebini, jicho kwenye kioo cha pembeni, na kila nilipozidisha kilomita 15 kwa saa aliniwekea spana juu ya goti, bila neno. Tuliondoka alfajiri, tukaingia Kwa Mrombo usiku. Tulipofika Kisongo akawasha tochi, akazunguka mzigo mara mbili, akaniita. Kamba yangu ya katani ilikuwa imesugua bati la usukani wa mkia njia nzima. Rangi ilikuwa imetoka na bati limeingia kibonyeo kisichozidi ukucha. Kipande kile kilibidi kibadilishwe. Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba barabara imeshaijaribu ndege hii kabla ya rubani, na imepata kosa.

Maneno hayo yamekaa nami zaidi ya kibonyeo chenyewe. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo, maana kila baada ya muda nasikia kwenye redio au kwenye daladala mjadala ule ule: Mtanzania fulani ameunda helikopta, fulani ameunda ndege, serikali imsaidie. Watu hubishana kama kitaruka au hakitaruka. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kitafikaje mahali pa kurukia.

Mwaka 2016 sisi wa Arusha tulipata habari ya kwetu. Mtaalamu wa Chuo cha Ufundi Arusha alikuwa anaunda helikopta ya watu wawili kwa kutumia injini ya gari. Mji mzima ulizungumza. Wengine walibeza, wengine walitokwa machozi ya fahari, na mimi nilikuwa kati ya hao wa pili. Lakini mimi ni dereva, na dereva akionyeshwa kitu hukipima kwa macho upana na kimo. Nikawa najiuliza: chuo kiko katikati ya mji, kimezungukwa na barabara, nyaya, maduka na wanafunzi. Chombo hiki hakiwezi kuwashwa na kunyanyuka pale. Kitajaribiwa wapi? Nani atakibeba? Kwa kibali gani?

Lori jipya hujipeleka lenyewe kwenye majaribio. Kule Kibaha, vijana wa kituo cha magari cha Nyumbu walipounda lori lao miaka ya 1980, walilitia mafuta, wakafungua geti, wakaingia nalo barabarani. Mashine za TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo hapa Njiro, hujaribiwa kwenye karakana au shambani kwa mkulima. Ndege mpya haina bahati hiyo. Inazaliwa mahali pamoja na lazima iruke kwa mara ya kwanza mahali pengine, na kati ya mahali hapo pawili haina haki ya kutumia mabawa yake. Hiyo ndiyo safari ninayoizungumzia, na ndiyo inayotukwamisha.

Waliofanikiwa waliihesabu safari hiyo kuwa sehemu ya kazi. Ndege ya kwanza ya jeti ya Uingereza, Gloster E.28/39, iliyoundwa ili ibebe injini ya Frank Whittle, ilifanyiwa kazi kwenye gereji ya magari mjini Cheltenham, wakati wa vita, ili mabomu ya Wajerumani yasiikute kiwandani. Gereji ya magari, wasomaji wangu, kama hizi zetu za Unga Limited. Aprili 1941 waliikimbiza kwenye uwanja wa kiwanda chao, ikainuka kidogo kutoka kwenye nyasi, ikatua. Wangeweza kulewa furaha wakaendelea pale pale. Badala yake wakaipakia kwenye lori, wakaivusha nchi hadi Cranwell, kwa sababu Cranwell kulikuwa na njia ndefu ya kurukia na ardhi iliyo wazi. Tarehe 15 Mei 1941 rubani Gerry Sayer akairusha kwa dakika 17.

Wamarekani nao, mwaka uliofuata, walikuwa na ndege yao ya kwanza ya kivita ya jeti, Bell XP-59A. Iliundwa Buffalo, karibu na mpaka wa Kanada, na ilitakiwa kujaribiwa Muroc, kwenye jangwa la California, upande wa pili kabisa wa nchi. Septemba 1942 ikapakiwa kwenye treni. Hapa pana jambo linalonigusa kila nikilifikiria. Injini zilikuwa zimeshafungwa ndani, na wahandisi waliogopa kile ambacho kila fundi makini wa magari anakijua: beringi ikisimama mahali pamoja huku inatikiswa, gololi huchimba vishimo vidogo kwenye njia yake. Gari linaweza kuvumilia vishimo hivyo kwa muda, likalia lia. Injini ya jeti inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, haivumilii. Basi wakaweka kompresa ndani ya behewa, ikawa inapuliza hewa kwenye injini ili zizunguke polepole safari nzima, mchana na usiku, huku treni ikikata nyika. Ilipokuwa chini kule jangwani wakaivalisha pangaboi la bandia puani, apitaye asijue kwamba ndege hii haina haja ya pangaboi. Tarehe 1 Oktoba rubani Robert Stanley akairusha.

Siku niliyoelezwa habari ya ile kompresa nilimkumbuka mzee wangu na magodoro yake sita. Ni elimu ile ile. Tofauti ni kwamba wenzetu waliiandika kwenye mpango na kuitengea fedha, na mzee wangu aliibeba kichwani.

Kuna na hii. Februari 1962 ndege ya upelelezi ya Lockheed, A-12, ilitolewa kiwandani Burbank ndani ya sanduku lenye upana wa zaidi ya mita 10 na urefu wa mita 32, ikapelekwa kwa barabara hadi Groom Lake, Nevada. Kabla ya safari watu waliipita njia yote wakipima. Alama za barabarani zilizozuia zikang'olewa, miti ikapogolewa, kingo za udongo zikasawazishwa. Ilifika baada ya siku mbili, ikaruka mwezi wa nne. Nilipolijua hilo nilijisikia nimeheshimiwa mimi binafsi. Ndege ambayo ingekuja kuruka kwa kasi zaidi ya mara tatu ya sauti ilikuwa imemngoja mtu mwenye futi ya kupimia, na dereva wa lori.

Atasema mtu, hao ni matajiri. Basi tuje Afrika. Misri, enzi za Gamal Abdel Nasser, iliamua kuwa na ndege yake ya kivita ya jeti. Mradi ulianzia Hispania kwa mbunifu Mjerumani Willy Messerschmitt, ukahamia Helwan, kusini mwa Cairo. Michoro, watu na kazi vyote vikavuka bahari. Tarehe 7 Machi 1964 ndege hiyo, HA-300, iliruka kwa mara ya kwanza hapo Helwan, na aliyeirusha alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Waafrika, Wajerumani na Wahindi kwenye uwanja mmoja. Mradi ulisitishwa mwaka 1969, na ndege moja kati ya zile leo imekaa kwenye makumbusho karibu na Munich. Inaniuma kwamba kijana wa Kiafrika akitaka kuiona lazima aombe viza. Lakini iliruka, na iliruka kwenye ardhi ya Afrika.

India nayo, mwaka 1981, ilibeba setilaiti yake iitwayo APPLE juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ilibidi setilaiti ijaribiwe antena yake mahali pa wazi, na walitaka chombo cha kubebea kisicho na chuma kingi cha kuvuruga mawimbi. Mkokoteni ulikuwa jibu la kitaalamu. Natamani wanaocheka wakiona ubunifu wetu umefungwa kwenye Fuso waitazame picha ile ya ng'ombe wawili na setilaiti.

Ardhi yetu wenyewe ina somo lake. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za majini kwenye pwani yetu kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ya mto Rufiji. Zilisafirishwa kwa meli, zikafunguliwa kwenye kisiwa kidogo cha Nyororo karibu na Mafia. Zilikuwa ndege nzuri kwa hali ya hewa ya Uingereza. Hapa joto lililegeza gundi ya mbao zake, na injini hazikuwa na nguvu ya kuziinua ipasavyo. Ilibidi waagize nyingine, kisha nyingine, na mwishowe wakatengeneza kiwanja cha nchi kavu pale Mafia ndipo kazi ikaenda. Julai mwaka huo manowari ikaangamizwa. Chombo hakijulikani mpaka kikutane na hewa ya mahali kitakapofanya kazi.

Na hewa ya Arusha ni ngumu kwa ndege. Sisi tunaisifu kwa ubaridi wake, wageni wanaikimbilia, lakini ni nyepesi. Uwanja wa Kisongo uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho peke yake hewa imepungua uzito kwa kiasi cha asilimia 13 ukilinganisha na pale Tanga ufukweni, na mchana wa Februari jua likiwaka inapungua zaidi. Bawa linashika hewa kidogo, pangaboi linasukuma hewa kidogo, injini isiyo na chaja inavuta hewa kidogo. Vyote vitatu kwa pamoja. Injini ya gari iliyokuwa inatosha kwenye hesabu za daftari inaweza kushindwa kwa sababu hiyo tu, na mtu aliyeiunda akaitwa mwongo. Ongeza na mlima. Meru una zaidi ya mita 4,500, na upepo unaouzunguka hushuka kwa mikupuo ambayo marubani wa ndege ndogo wanaifahamu. Miezi ya sita na saba mawingu hukaa chini siku nzima.

Kisongo penyewe tuliwahi kupaona pakipimwa. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767, iliyokuwa inakwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, yaani KIA, ilishuka kimakosa kwenye uwanja wetu mdogo wenye njia ya kama kilomita moja na nusu na ushei. Nilikwenda kuitazama, kama nusu ya mji ilivyokwenda. Ilikuwa imesimama mwisho wa njia, magurudumu kwenye majani, na pale uwanjani hapakuwa na ngazi inayolingana na milango yake. Watu walipiga picha. Mimi nilisimama kwenye uzio nikifikiria kazi: kama haiwezi kuruka, itatokaje? Mabawa yake yana zaidi ya mita 47 toka ncha hadi ncha. Hakuna lobedi, hakuna barabara, hakuna daraja kati ya Kisongo na KIA litakaloipitisha nzima. Wangeikata, au ingekaa pale milele. Siku chache baadaye ikiwa imepunguzwa uzito ilikimbizwa kwenye njia ile fupi, ikainuka. Nilishusha pumzi kama vile ni mimi niliyeifunga kamba.

Kutoka Kisongo hadi KIA kwa barabara ni kilomita 50 na ushei. Ni hizo hizo ninazotaka zifunguliwe kwa wabunifu wetu.

Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971. Njia yake ya kurukia ina mita 3,600, iko mita 894 tu juu ya bahari, karibu mita 500 chini ya Kisongo, na pembeni yake ni tambarare pana. Kuna magari ya zimamoto, kuna watu wa hali ya hewa, kuna mnara wa kuongozea. Kuna saa za mchana ambazo anga yake imetulia, baada ya ndege za asubuhi na kabla ya zile za jioni. Helikopta ya kwanza ya mtu haihitaji hata mita hizo zote. Inahitaji sakafu ngumu, minyororo ya kuifunga chini siku za mwanzo inapojaribiwa kunyanyuka kidogo kidogo, na ukimya wa watu kukaa mbali. Ndege ya mabawa inahitaji ile njia ndefu, ili rubani akiinua pua na kuona mambo si sawa, airudishe chini na bado awe na lami ya kusimamia. Wale wa Cranwell walilitafuta hilo hilo.

Napendekeza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wenye uwanja, Chuo cha Ufundi na wakala wa barabara, TANROADS, wakae meza moja, watenge kona ya KIA na siku zinazojulikana, waandike masharti ambayo kijana wa Sakina au wa Tunduma anaweza kuyasoma na kuyaelewa kabla hajanunua boliti ya kwanza. Aambiwe mapema: ukifikisha hatua hii, mkaguzi atakuja karakanani kwako, akiridhika, utapewa kibali cha kusafirisha, ukifika, utapewa banda, utajaribu ukiwa umefungwa minyororo, kisha bila minyororo. Mtu akijua njia ilipo atajenga akiifuata. Sasa hivi wengi wanajenga kwanza, wanaita waandishi wa habari, kisha chombo kinakaa chini ya turubai mpaka panya wanazalia kwenye kiti cha rubani. Nimeona chombo cha namna hiyo kwa macho yangu, uani kwa mtu, sitamtaja. Alinionyesha kila waya. Nilipomuuliza atakijaribu lini, alitazama geti lake. Lilikuwa jembamba kuliko kile alichokiunda.

Kibali cha barabara ni somo peke yake. Sheria zetu za mizigo zimeandikwa kwa kuogopa uzito, na ni haki, kwa sababu uzito ndio unaovunja lami. Jumla isizidi tani 56, ekseli hii isizidi hiki, tumezoea. Lakini ndege haina uzito. Ina upana, na ina ngozi laini. Mizani haikijui kitu hicho. Niliwahi kusimamishwa na mzigo wa tani mbili kwa saa nne, kwa sababu ulitokeza pembeni na hakuna aliyejua aujaze fomu gani. Askari hakuwa mbaya, mimi sikuwa mbaya; karatasi ndiyo haikuwepo. Kwa mzigo wa ndege ya majaribio karatasi hiyo iandaliwe mapema: pikipiki moja ya kutangulia, gari moja nyuma, mwendo usiozidi kiasi fulani, safari ya usiku, na fundi wa chombo awe kebini na mamlaka ya kumwambia dereva asimame. Hilo la mwisho ningeliandika kwa wino mwekundu.

Najua kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na ndege wakati zahanati zina upungufu. Ninaishi Tengeru, zahanati naijua, foleni naijua. Ninachoomba hakijengi uwanja mpya. Uwanja upo, barabara ipo, lobedi zipo zimelala kando ya barabara Usa River zikisubiri kazi. Kwa ajili ya uwanja wa mpira wa AFCON 2027 kule Olmoti tumeona vyuma virefu vikipitishwa mjini, polisi wakisimamisha magari, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu tuliamua kwamba jambo lile ni letu. Usiku mmoja wa namna hiyo kwa mwaka kwa ajili ya kijana mwenye bawa hautatufilisi.

Na kuna jambo la usalama ambalo watu wa mamlaka wanaliogopa, na wako sahihi kuliogopa. Chombo cha mtu binafsi kikianguka juu ya nyumba hakuna hotuba itakayofuta. Lakini kumnyima mtu mahali pa kujaribia hakumzuii kujaribu. Kunamsukuma ajaribu alfajiri kwenye kiwanja cha shule, au kwenye malisho ya watu bila kuwauliza wenyewe, ng'ombe na watoto wakiwa pale. Mimi ningependa ajaribu mbele ya zimamoto.

Mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo mke wangu alidhani ni la uzee. Nilichukua futi yangu ya mita 30, fito mbili za mianzi na daftari, nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke kutoka Chuo cha Ufundi hadi KIA, tukisimama kila mahali panapobana. Tuliifanya Jumapili. Pale Sanawari kwenye taa pana nafasi, ila kuna nyaya zilizolegea upande wa kushoto. Mijakaranda iliyobaki ina matawi mawili yanayohitaji kupogolewa. Kutoka hapo hadi Tengeru barabara ni ya njia nne na ukingo wa katikati, kwa hiyo mzigo utakaa upande wake bila kugusana na wanaokuja. Shida inaanza Tengeru njia nne zinapoisha: soko, bajaji, matuta. Matuta nimeyaandika yote, pamoja na yale yaliyochongoka ambayo lobedi itayapanda kwa kuinua mzigo upande mmoja. Hapo fundi ashuke atembee pembeni. Usa River pana daraja, nimelipima kingo kwa kingo. Maji ya Chai na Kikatiti ni shwari baada ya saa tano usiku. Kuanzia King'ori hakuna mti wala nyumba ya kukugusa, upepo tu, na upepo huo ni wa kuuangalia, maana bawa hata likiwa limefungwa bado ni bawa, litataka kunyanyuka. Lifungwe ukingo wa mbele chini. Kwenye njia panda ya KIA kona ni pana, lobedi ndefu inageuka bila kurudi nyuma.

Daftari ninalo. Kamba ya katani nimeiacha, nimenunua mikanda ya nailoni yenye vitambaa laini. Magodoro nitaazima kwa jirani.